Kisiwa cha Akampene

Je, mtu amwachaye mwenziwe mahali pa kufa, kisha akaenda zake, ni mwuaji? Wanafalsafa wamelibishania sana swali hili. Sisi tukaao Nduruma, chini ya Mlima Meru, maji yetu ni ya mto, na hata Duluti, ziwa la jirani, halina kisiwa. Kwa hiyo yatupasa kuazima mfano wetu Uganda, katika Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, penye visiwa 29.

Kimoja ni Akampene, kidogo mno, nyasi tupu na mti. Mpaka desturi ilipokoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya ndoa aliweza kupelekwa huko kwa mtumbwi akaachwa bila chakula. Wengi hawakujua kuogelea. Njaa isipowaua, iliwaua baridi, maana ziwa liko juu sana, kiasi cha mita 1,960 toka usawa wa bahari. Mwenye bahati alichukuliwa na mwanamume fukara asiye na ng'ombe wa mahari, akawa mkewe bila malipo.

Mtetezi wa desturi atasema kwamba hofu ya kisiwa ililinda nyumba nyingi, tena hakuna aliyeua: ni njaa iliyoua. Hoja hiyo ya pili ndiyo inisumbuayo. Huko Kisiizi, upande wa Rukungiri, wasichana wa namna hiyo walisukumwa kwenye maporomoko ya maji na jamaa zao wenyewe, na husimuliwa kwamba mmoja alimkamata jamaa yake wakaanguka pamoja. Kisiizi mkono ulionekana, ndiyo sababu uliweza kukamatwa. Akampene mkono ulishika kasia tu, ukarudi nyumbani. Kwa maoni yangu kisiwa kilikuwa kibaya kuliko maporomoko, kwa kuwa kilimpa baba njia ya kulala usingizi.

Wala tusiseme kwamba watu wa zamani hawakujua. Katika ziwa lilo hilo kuna kisiwa kiitwacho Akabucuranuka, jina lenye maana ya kupinduka. Hadithi yasema watu walikuwa wakinywa pombe huko, akaja bibi kizee akaomba, wakamnyima. Akaomba basi avushwe, wakampa kijana mmoja wa kumpigia kasia ili waondokewe na udhia. Walipofika ng'ambo kisiwa kilipinduka, wote wakazama, asiokoke ila kuku aliyeruka. (Kuku huyo hakosekani kamwe katika masimulizi, nami nampenda.) Waliotunga hadithi hii walijua vema kwamba kumfukuza mnyonge ni jambo la kupindua nchi. Walijua, ila bibi kizee alikuwa mgeni mwenye siri, na msichana alikuwa binti yao aliyewapotezea ng'ombe.

Yabaki habari ya yule fukara aliyekwenda kumchukua. Siwezi kumwita mwema kwa urahisi: alingoja mtu atupwe ndipo ampate bure, na aliyetupwa hakuwa na nafasi ya kukataa. Huenda alimtesa, huenda alimpenda. Lakini katika mitumbwi yote iliyokwenda Akampene, wake peke yake ndio uliorudi na mtu zaidi ya waliokwenda.