Zimwi Lenye Hatia ya Kuzaliwa

Wiki iliyopita mezani tuliua watoto. Walikuwa watoto wa orki, mazimwi ya mchezo wetu, wamejibanza mwisho wa pango baada ya wazazi wao kuanguka. Msimamizi wa mchezo aliponiona nasita kurusha dadu, akanifungulia kitabu: orki ni waovu, imeandikwa. Mchezaji mwenzangu akamalizia kwa kauli ambayo bado inanikera: "Ni mchezo tu, ndugu yangu."

Zimwi ni kiumbe cha kutisha. Fasili hiyo yatosha. Ninachouliza ni nani aliyemhukumu. Katika Monster Manual, kitabu cha mazimwi cha mchezo huo, Dungeons & Dragons alichoandika Gary Gygax mwaka 1977, mwelekeo wa kimaadili wa kila kiumbe umo kwenye orodha ileile inayotaja kasi na ukubwa wake. Uovu umekuwa kipimo cha mwili.

Wapo wanaosema mchezo unahitaji adui wa kupigwa bila kesi wala wakili. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini "ni mchezo tu"! Mbona basi tulibishana kutwa kama ngao huzuia moto wa joka? Mbona msemaji huyohuyo alinuna mhusika wake alipokufa? Kila kitu ni cha maana mpaka anayekufa awe wa upande wa pili. Tena orki hakupewa utu kwa bahati mbaya. Ana lugha, chifu, bendera na watoto. Amevikwa yote hayo ili ushindi wetu unoge, kisha tunaambiwa tusiyahesabu. Simba katika kitabu hichohicho hana wema wala uovu, na bado tunampiga akitujia. Anayehitaji kuandikiwa uovu ni yule tu ambaye tungeweza kuzungumza naye. Hata zimwi la wahenga likikujua halikuli likakwisha. Mchezo mtupu ungehitaji kibali cha nini?

Mimi zimwi kipenzi changu ni mla-kutu, ambaye Gygax alilitoa umbo lake kwenye vinyago rahisi vya plastiki vya Hong Kong. Akigusa chuma kwa papasi zake, kinageuka kutu, naye anakila. Hana kinyongo na mtu. Lakini shujaa mwenye deraya ya thamani hutimua mbio, huku mchawi mwenye kanzu akicheka, na kundi zima hulazimika kufikiri upya nani atangulie. Hofu hiyo imesukwa kutokana na tabia ya wachezaji wenyewe, na haikumhitaji aliyelaaniwa tangu tumboni.

Mwaka 2024 orki waliingizwa kwenye kitabu cha msingi cha wachezaji, kati ya jamii ambazo mchezaji anaweza kuchagua, na kitabu cha mazimwi cha 2025 hakina ukurasa wao. Nilitarajia kufurahi. Ila majambazi wa kibinadamu bado wamo, na hao tunawachinja bila hata kuuliza imeandikwa nini. Mla-kutu naye hawezi kunisaliti, kunibembeleza wala kulipiza kisasi, na mchezo usio na hayo hunichosha mapema. Nataka adui mwenye akili. Nikimpa akili, kumuua kunadai sababu, na sababu ya kweli haiandaliki kwa jioni moja.