Kusamehe Bila Kuonyeshwa Kaburi

Sheria ya mahakama za gacaca nchini Rwanda haikutosheka na neno "nisameheni". Mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 aliyetaka kupunguziwa adhabu kwa kuungama alitakiwa aeleze alitenda nini, lini na wapi, awataje wenzake, na aseme miili ya aliowaua aliitupa wapi. Mahakama hizo, ambazo waamuzi wake walikuwa raia wa kawaida waliochaguliwa na majirani zao, zilisikiliza kesi karibu milioni 2 hadi zilipofungwa rasmi Juni 2012.

Wengi waliokutana hapo, waliofiwa na walioua, walikuwa Wakristo waliobatizwa. Huko Nyamata, kusini mwa Kigali, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo Aprili 1994. Kitambaa cha altare chenye madoa ya damu kimehifadhiwa kama ushahidi. Kwa mjane aliyenusurika, mahubiri juu ya msamaha si somo la nadharia. Yanamgusa kwenye kidonda.

Mara nyingi anakumbushwa jibu ambalo Petro alipewa alipouliza kama kusamehe mara saba kunatosha: mara sabini kuzidisha saba, yaani usihesabu. Ni kweli. Ila sura hiyo hiyo ya 18 ya Mathayo, mistari michache kabla, inamwagiza aliyekosewa amwendee mkosaji na kumweleza kosa lake; asiposikia, aende na mashahidi; akikaidi, jambo lifikishwe mbele ya kanisa. Luka 17 inataka mkosaji akemewe, na akitubu asamehewe. Zakayo naye aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Katika mafundisho hayo yote, aliyeumizwa haambiwi anyamaze.

Yesu msalabani hakungoja toba ya waliomsulubisha ndipo awaombee. Kwa hiyo Mkristo anaitwa kuachilia kisasi moyoni hata kabla mkosaji hajafungua kinywa. Lakini kupatana ni jambo la watu wawili, na haki ni jambo la tatu.

Papa Yohane Paulo II aliyaonyesha hayo kwa vitendo. Alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei 1981, na siku chache baadaye, akiwa bado hospitalini, akatangaza kwamba amemsamehe. Desemba 1983 alimfuata gerezani Rebibbia, Roma, wakaketi karibu karibu wakizungumza kwa sauti ya chini. Kisha Papa akaondoka, na Ağca akabaki kifungoni. Alipata msamaha wa rais wa Italia mwaka 2000.

Waswahili husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo inafaa kwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Kumwambia hivyo mama ambaye hajui mwanawe amelala wapi ni kumtwisha yeye mzigo wa aliyeua. Tena hawezi kusamehe kwa niaba ya mtoto huyo. Anachoweza kusamehe ni maumivu yake mwenyewe, kwa wakati wake, na hakuna mchungaji wala padri mwenye haki ya kumharakisha.

Kanisa lenyewe lilichukua muda kuomba msamaha. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa barua iliyosomwa parokiani Novemba 2016, na Machi 2017 Papa Fransisko akaomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake.

Aprili 2018, baada ya miaka 24, makaburi ya halaiki yaligunduliwa Kabuga, nje kidogo ya Kigali, mengine yakiwa chini ya nyumba za watu. Waliojua walikuwa wamenyamaza muda wote huo. Mabaki ya watu zaidi ya 84,000, wakiwemo wa Kabuga, yalizikwa kwa heshima Nyanza ya Kicukiro Mei 2019. Kabla ya mazishi, ndugu walikagua nguo zilizofukuliwa, wakitafuta gauni au shati wanalolijua.