Majina Tuwaitayo Watu wa Nchi Nyingine

Ndugu zetu Waislamu wa Changamwe, kitambaa kilicholetwa pwani hii kutoka Marekani katika karne ya 19 wazee wetu walikiita merikani. Bata wakamwita bata bukini, kwa jina la Bukini, ndiyo Madagaska. Na pilipili, ingawa asili yake ni Malabari katika Bara Hindi, wakaiita pilipili manga, kwa jina la Uarabuni. Hamna tusi humo. Kitu kimetajwa kwa kwao, basi.

Mbona mtu hatumfanyii hivyo? Mshihiri ni mtu wa Shihri, bandari ya Hadhramauti. Si jina la aibu, lakini tumelitamka kwa kukunja pua mpaka likawa kama tusi. Na neno "mshenzi" halina hata nchi: ni dharau tupu.

Juma hili dereva wa lori atokaye Uganda, akingoja shehena yake Kipevu, aliingia msikitini kusali adhuhuri. Mmoja wetu akasema, naye yuasikia: "Washenzi nao wamejaa." Na safu aliyosimama ilikuwa mbele ya yetu!

Suratul Hujurati, aya ya 11, yakataza kuitana majina mabaya. Na Abu Dharri alipomtukana mtu kwa mama yake asiyekuwa Mwarabu, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa ungalimo ndani yake ujahili. Abu Dharri, sahaba mkubwa! Sisi je?

Aliyesema neno lile twamjua, naye atayasoma haya. Lori halijapakiwa bado. Na aende leo akamtake radhi.