Petro Alilala

Fungua na mimi Matendo 12. Herode ameshamuua Yakobo kwa upanga, na kesho ni zamu ya Petro. Usiku huo Petro amefungwa minyororo miwili, katikati ya askari wawili. Anafanya nini? Analala! Hata malaika alipoingia na nuru, ilibidi ampige ubavuni ndio aamke.

Mpendwa, amani ilifika kabla ya malaika. Na kumbuka Marko 4: Petro huyu alikuwa na wenzake kwenye mashua, wakimwamsha Yesu kwa hofu. Sasa yeye ndiye wa kuamshwa! Hatari haikuisha. Alikuwa amemjua Yesu aliyefufuka.

Wengi wetu saa nane usiku tunapiga hesabu: kodi ya nyumba, karo, kazi itakuwaje. Hesabu ni nzuri, hata mimi nimezisomea, lakini saa hiyo hazilipi deni lolote.

Wiki hii, itaje hofu yako mbele za Mungu. Kisha mwambie ndugu mmoja akuombee, kwa maana kanisa lilikuwa likimwombea Petro. Halafu zima taa, ulale. Amina.