Nani Amechelewa?

FruityLoops, programu iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997, humpa mtu vijumba 16 kwa kila mzunguko: bofya kijumba, ngoma inalia. Programu za aina hii zina pia amri ya kunyoosha mapigo. Rekodi ngoma Kilwa Kivinje, ipitishe hapo, na pigo lililokaa kati ya vijumba viwili litasukumwa hadi mstarini, kana kwamba mpigaji alichelewa.

Alichelewa kwa saa ya nani? Wachezaji walilifuata pigo lile lile, na miguu yao haikukosea.

Wapo wanaosema chombo hakina kosa. Mbona vijana wa Sisso, kule Mburahati, wameibana kompyuta hadi singeli ikapita mapigo 200 kwa dakika? Kweli. Lakini wao waliamua wenyewe. Mzee wa ngoma ananyooshewa akiwa keshalala, na mjukuu wake atajifunzia kwenye faili hilo.

Kwa hiyo naona mwandishi wa programu anawajibika hasa kwa kile kinachotokea mtumiaji asipogusa kitu. Katika hii ninayoiandika, kunyoosha kumezimwa. Rafiki zangu wanaoijaribu wanalalamika kwamba midundo yao inayumba.