Cornelius Coffey, Mwalimu wa Marubani

Leo namkumbuka Cornelius Coffey, fundi magari Mmarekani mweusi wa Chicago. Yeye na rafiki yake John Robinson walikubaliwa kwa barua kusomea ufundi wa ndege katika shule ya Curtiss-Wright. Walipofika na rangi yao ikaonekana, wakakataliwa. Mwajiri wao akatishia kuishtaki shule. Wakapokelewa, wakahitimu 1931. Robinson baadaye alikwenda Ethiopia kumtumikia Mfalme Haile Selassie. Coffey alibaki, akaanzisha shule yake ya urubani pamoja na rubani Willa Brown. Baadhi ya wanafunzi wao wakawa marubani wa kivita wa Tuskegee, kikosi cha marubani weusi wa jeshi la Marekani. Na shule hiyo, ya mtu aliyefungiwa mlango, ilipokea weusi kwa weupe, wanawake kwa wanaume. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko kuruka kwenyewe.