Furaha ya Watu Wote: Neno la Noeli kutoka Mkoani
Masomo: Luka 2:8–14, Mathayo 2:13–18



Noeli yatujia tena sisi tukaao Mkoani, nasi tu wachache kati ya jirani walio Waislamu. Malaika aliwaambia wachungaji kwamba furaha aliyoileta ni ya watu wote. Je, jirani zetu hawa wamo? Tena, yafaaje kutangaza furaha katika kisiwa chenye nyumba nyingi zinazomngoja mtu asiyerudi?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander, iliyotoka Unguja kuja Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ramadhani ilikuwa imekwisha siku chache tu, na wengi walikuwa wakirejea makwao baada ya Idi, akina mama na watoto wao. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Maiti zilizopatikana zilipita 200, lakini waliopotea walikuwa wengi kuliko hao, wala hawana kaburi ila bahari. Machozi hayajakauka, Julai 2012 meli Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ikazama karibu na Chumbe.

Spice Islander ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Nalisema hili waziwazi, kwa kuwa hawakosi Wakristo wanaonong'ona kwamba msiba ule ulikuwa adhabu ya Mungu juu ya watu wa dini nyingine. Wanong'onao hivyo na wasome Luka 13. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukawaua watu 18, Bwana alikataa kabisa kusema kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaita wao watubu.

Mathayo naye hakuficha kwamba Noeli ya kwanza ilikuwa na kilio. Mamajusi wamekwisha kwenda zao, mara Yusufu anaondoka usiku, anamchukua Mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Na nyuma yao, katika Bethlehemu, akina mama wanawalilia watoto wao wala hawakubali kufarijiwa. Mwinjili hawaambii wanyamaze. Amekiandika kilio chao katika sura ile ile yenye nyota na dhahabu na uvumba. Basi mwalimu asiyejua kukaa matangani na wafiwa asiwe na haraka ya kuimba pamoja na malaika.

Na tukumbuke jinsi watu walivyookolewa usiku ule. Wavuvi walikwenda na vyombo vyao vidogo, wakawatoa watu majini, wala hawakungoja kujua huyu ni wa msikiti na huyu ni wa kanisa. Ndivyo alivyoshuka Mwana wa Mungu kwetu: hakungoja tumjue kwanza.

Jirani zetu wanalijua jina la Maryamu. Sura ya 19 ya Kurani yaitwa kwa jina lake, nayo husimulia uchungu wake wa uzazi penye shina la mtende. Wao humheshimu Isa kuwa nabii. Sisi twakiri ya kuwa Neno alifanyika mwili. Tofauti hii ni kubwa. Tusiifunike kwa maneno matamu, wala tusiishike kama fimbo. Aulizaye na ajibiwe kwa upole na kweli. Asiyeuliza pia yumo katika neno la malaika, maana hakusema furaha ya waulizao tu.

Siku ya Idi hutuletea sahani zao zilizofunikwa. Siku ya Noeli nasi tupeleke zetu. Kuku achinjwe na Mwislamu, jirani apate kula bila shaka moyoni. (Nimesikia wakibishana juu ya jambo hili, nadhani Paulo angalilimaliza kwa neno moja.) Na sahani ya kwanza iende katika nyumba iliyopotelewa na mtu baharini.

Katika ibada ya usiku, waalimu, mkiisha kuziombea sharika na serikali, waombeeni wasafiri walio kati ya Unguja na Mkoani, na manahodha na mabaharia wao, na wakata tiketi bandarini, wapewe ujasiri wa kumwambia mtu, hata mwenye fedha mkononi, ya kwamba chombo kimejaa.